Miezi Minane ya Besi Isiyokuwepo

Waliosema dada yangu amechanganyikiwa waje waniambie mimi usoni. Nipo pale pale siku zote, kaunta ya duka la dobi, mkono wa kushoto ukiingia, na mdomo wangu haujawahi kukosa kazi. Mimi ndiye mdogo mtu. Napokea nguo, nabandika vikaratasi vya namba, nasikiliza malalamiko ya vifungo vilivyopotea. Dada yuko nyuma ya pazia, chumba cha pasi, na huu ni mwaka wake wa ishirini na sita humo ndani. Ana miaka hamsini na moja, ni mjane, watoto wake wawili wana nyumba zao, na anapiga gitaa la besi kwenye bendi ya roki. Basi, nimeshasema. Anayetaka kucheka acheke sasa, amalize, tuendelee.

Kwanza mjue ni mtu wa namna gani. Dada hana maneno mengi. Maneno yote nyumbani kwetu niliyabeba mimi, yeye akabeba ukimya na ubishi. Ncha za vidole vyake zimekuwa sugu kwa kupima joto la pasi: analamba kidole, anagusa chuma, tss, ameshajua. Mgeni akiona anapiga ukelele. Na ana utaratibu wake wa kunyoosha shati ambao hata bosi amechoka kuuhoji. Wenzake wanaanzia mgongoni, kwenye uwanja mpana, wapate moyo. Yeye anaanza na kola, na haendi popote mpaka kola isimame. Kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho.

"Nikianza na rahisi," aliwahi kuniambia, "nikifika kwenye ngumu nimeshachoka, naanza kudanganya."

Gitaa lilikuja na nguo. Kijana mmoja mwembamba mwenye haraka zake alitupa juu ya kaunta mfuko mrefu wa turubai uliomwagikiwa mafuta, akasema ufuliwe, akaandika namba ya simu, huyoo. Nikabandika kikaratasi. Dada alipoufungua kuukagua, maana kila kitu chenye mfuko lazima kikaguliwe kisije kikaingia majini na kalamu, akakuta gitaa ndani. Tukapiga ile namba. Haipatikani. Kesho yake, haipatikani. Tukafua mfuko, gitaa tukaliweka juu ya rafu ya mapazia, tukamngoja mwenyewe.

Dukani kwetu kuna sheria imebandikwa ukutani: kitu kisichochukuliwa mwaka mzima si cha mwenyewe tena. Siku ya kufunga mwaka bosi anazisoma zile namba kwa sauti, na wafanyakazi tunachagua kwa zamu, aliyekaa kazini miaka mingi wa kwanza. Maana yake dada ndiye wa kwanza kila mwaka. Huwa anachukua shuka, au koti la kumpa mmoja wa wanawe. Mwaka huo kulikuwa na mapazia ya rangi ya divai, mazito, yenye bitana, kila mtu anayamezea mate. Bosi akauliza, "Haya, mama, unachukua nini?"

"Lile gitaa."

"Gitaa? La nini?"

"La kupiga."

"Na haya mapazia yote unayaacha?"

"Mapazia hayatoi sauti," akasema dada, akapanda kigoda kulishusha.

Mapazia nilichukua mimi. Sioni aibu, yananing'inia dirishani kwetu mpaka leo.

Tunakaa wawili, vyumba viwili ghorofa ya pili. Jioni hiyo akaliweka mapajani, na hapo ndipo tukagundua lina nyuzi nne tu, nene, na shingo ndefu kuliko magitaa tunayoyaona. Nikadhani mbili zimekatika. Kumbe ndivyo lilivyo, ni besi, lile gitaa linalonguruma chini ya wenzake na hakuna mtu anayelitazama. Akagusa uzi mnene kuliko yote. Sauti ikatoka kiduchu, maana hatukuwa na spika yake. Akaegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa kabati, akagusa tena. Loo! Kabati zima likanguruma, vikombe juu vikaitikia. Dada akaweka kiganja kwenye ule mlango, akacheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu shemeji afariki, na nikaenda kuvishusha vikombe bila kunung'unika.

Sasa nyimbo alizitoa wapi? Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Ng'ambo ya barabara, mkabala na duka letu, kuna kijana anatengeneza simu. Tunamwita Miwani kwa sababu ya miwani yake yenye fremu nene. Kazi yake ni fundi simu, lakini ukimuuliza mwenyewe atakwambia yeye ni mwanamuziki. Ana bendi. Wanapiga ile roki ya vijana wasio na kampuni wala meneja. Wanajirekodia wenyewe stoo, wanajichorea wenyewe matangazo. Wao wanaiita indi. Hakuna mambo ya mpenzi rudi nakufa. Kuna wimbo mmoja wa mtu anayekaa ghorofa ya juu, lifti imekufa, na rafiki zake wanaacha kupanda ngazi, mmoja baada ya mwingine. Dada alipopeleka simu yake kubadilishwa kioo, Miwani akamtilia humo nyimbo sita za bendi yake bila kuombwa, kwa sifa zake tu. Dada akausikiliza huo wa ngazi huku akinyoosha suruali, akaurudia kutwa nzima.

"Huyu mtoto ana upweke," akaniambia jioni.

"Ana mdomo," nikasema. "Kioo alisema saa moja, kimechukua siku tatu."

Dada alikuwa ameshaegemeza gitaa kabatini.

Miezi minane, jamani. Kushika na kukaza nyuzi alijifunza kwenye video za mzee mmoja mwenye ndevu, bila kuelewa lugha yake hata neno. Zile nyimbo sita alijifunza kwa masikio, simu imesimamishwa kwenye glasi juu ya meza. Hedifoni hakutumia kwa sababu tundu lake kwenye simu lilikuwa limekufa zamani. Na alijifunza vile vile anavyonyoosha shati. Akatafuta kipande kigumu kuliko vyote katikati ya wimbo wa ngazi, akaanza nacho hicho. Wiki tatu nilisikia sekunde kumi zile zile, mpaka jirani wa chini akapanda kuuliza kama wimbo huo una mwanzo.

Malengelenge? Hakuna. Vidole vya mpiga pasi vile, uzi uliumia wenyewe.

Habari ikamfikia kaka yetu mkubwa. Kaka ni mwalimu mkuu mstaafu, na akiingia mahali hata viti vinataka kusimama. Alikuja Jumamosi asubuhi, akakaa, akakataa chai. Hiyo chai iliyokataliwa ikanieleza kila kitu.

"Nimesikia unapiga gitaa," akamwambia dada.

"Umesikia kweli, kaka."

"Mjane wa miaka hamsini na moja."

"Na miezi minne."

Mimi nikakohoa kuficha kicheko. Kaka akanitupia jicho, nikaangalia mapazia. Akaendelea kwa ile sauti yake ya mstarini: kwamba watu wanasema, kwamba baba angekuwepo angesemaje, kwamba vyombo hivyo ni vya vijana wasio na kazi. "Kama unataka kitu cha kushika jioni," akasema, "shika kitambaa. Fuma. Dada za wenzangu wanafuma."

"Kaka, nashika vitambaa vya watu kuanzia saa moja asubuhi. Jioni sitaki tena kitambaa."

"Utaacha au hutaacha?"

"Sitaacha."

Hivyo tu. Hakupandisha sauti, hakumwaga chozi. Kaka akainuka, akaenda zake. Katika familia yetu hakuna aliyewahi kumwambia kaka neno hilo, na nilijiuliza huyu mwanamke amekula nini.

Wiki iliyofuata Miwani akabandika karatasi mlangoni kwake: mpiga besi wao amehamia mbali, wanatafuta mwingine, wana onyesho baada ya wiki tatu kwenye ukumbi wa maktaba. Dada aliisoma kutoka dirisha la duka letu, akavuka barabara na aproni yake. Nikafunga kaunta nikamfuata. Ningekosaje?

"Shikamoo mama," Miwani akasema. "Simu imeanza tena?"

"Marahaba. Simu nzima. Nimekuja kwa ajili ya besi."

Miwani akachungulia nyuma yetu kama kuna mtu tumemficha. "Nani anapiga?"

"Mimi."

Kijana wa watu akakosa pa kuweka uso. Aliyemwokoa ni mwenzake, jamaa mmoja wa miraba minne aliyekuwa amekaa juu ya ndoo akila karanga. Huyo ndiye mpiga dramu wao. Kazi yake ya mchana ni mabomba ya maji, na wote wanamwita Fundi Bomba.

"Mwache mama ajaribu," akasema. "Waliokuja wengine ni nani? Hakuna hata mmoja."

Tukakutana Jumamosi alasiri, stoo nyuma ya duka la simu, katikati ya maboksi ya kava. Dada akachomekewa waya. Ilikuwa mara ya kwanza gitaa lile kupata umeme mikononi mwake. Alipogusa uzi mmoja, sauti ikatoka kwenye spika ikanipiga tumboni. Akashtuka, kisha akaugusa tena taratibu, uso umechanua kama msichana. Moyo wangu ukajaa. Nikasema moyoni, leo wataona.

Wakaanza wimbo wa ngazi. Hazikupita sekunde kumi Miwani akanyoosha mkono wasimame. Wakaanza tena. Akasimamisha tena.

"Mama, samahani, unapiga nini?"

"Wimbo wako."

"Hiyo siyo besi yake. Hapa mwanzoni umechukua gitaa langu mimi. Halafu ninapoimba unapanda juu, unashuka, unanijibu... hivyo vitu havimo, mama. Sijui umevitoa wapi."

"Kwenye simu."

Miwani akamtazama, akaitazama simu ambayo dada ameichomoa mfukoni, na nikaona kabisa jambo likimwingia kichwani. Akaenda kwenye spika kubwa iliyo kama friji ndogo, akauweka wimbo ule ule kutoka kwenye kompyuta yake. Tukaisikia. Chini kabisa ya kila kitu, besi yenyewe: du, du, du, du. Noti moja. Inabadilika kidogo kwenye kiitikio, inarudi. Du, du, du.

"Simu haitoi sauti nzito," Miwani akaeleza, kwa upole, nampa haki yake. "Kile kispika chake ni kidogo kama kifungo. Besi kwenye simu huwezi kuisikia kabisa, mama. Haipo."

Miezi minane. Miezi minane dada yangu alikuwa amekaa mbele ya glasi akijifunza kwa bidii kitu kisichokuwepo. Alipolisikia gitaa la Miwani alilidhani ndilo besi, na palipokuwa na pengo akajaza mwenyewe, akiamini anasikia. Nilimwonea uchungu. Nilitaka kumshika mkono nimtoe pale, turudi kwetu, gitaa lirudi juu ya rafu na tusilizungumzie tena maisha yetu yote.

"Rudia," dada akasema.

Miwani akarudia. Mara tatu.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho, mama."

Fundi Bomba akapasuka kicheko kule nyuma ya dramu, karanga zikamwagika. Miwani hakucheka. Akasema kama dada anaweza kujifunza ile iliyorekodiwa, nafasi ni yake. Kama hawezi, hakuna ubaya.

Alijifunza zote sita kwa jioni mbili. Jumanne tukarudi stoo, akazipiga moja baada ya nyingine, hakuna kosa hata moja. Miwani akapiga makofi. "Safi, mama! Hapo sasa!"

"Umesikia kwamba naweza," dada akasema. "Sasa sikilizeni na yangu mpaka mwisho. Usinikate."

Ukweli nitausema hata kama mimi ni ndugu. Besi ya dada kwenye ule wimbo ilikuwa kitu kingine. Yule mtu wa ghorofa ya juu akiimba kwamba hakuna aliyepanda leo, besi inapanda, ngazi kwa ngazi, inafika mlangoni, inasubiri, inashuka. Fundi Bomba alianza kwa kufuata mapigo yake ya siku zote, akaacha, akaanza kupiga vingine, macho amemkazia dada. Walipomaliza akajifuta uso kwa fulana.

"Miwani," akasema, "mimi ile ya zamani nimeichoka tangu leo."

"Hapana." Miwani alikuwa mwekundu masikio. "Ile besi alitunga rafiki yangu. Wimbo niliutunga mimi. Watu wanaujua hivyo ulivyo."

"Watu gani?" nikauliza.

"Wanaotufuata, mama mdogo."

"Wangapi?"

"Mia moja na arobaini," akasema, na hakuona la kuchekesha. Akamgeukia dada. "Onyesho ni Jumapili ijayo. Naomba upige iliyorekodiwa. Tafadhali."

"Nimekusikia," dada akasema.

Njia nzima nilichemka. Nikamwambia atakuwa mjinga akikubali, aende akapige du du du ya mtu aliyehama, miezi minane itupwe jalalani! Dada aliacha niseme mpaka tukafika mlangoni kwetu. Akatafuta funguo, akasimama nazo.

"Nimenyoosha nguo za watu miaka ishirini na sita," akasema. "Nzuri nimezishika zote. Hakuna hata moja niliyotoka nimeivaa mimi. Hiki ndicho kitu pekee kichwani mwangu ambacho hakikuletwa na mtu na hakuna atakayekuja kukichukua. Nataka watu wakisikie mara moja. Mara moja tu. Wakishasikia, waseme wanavyotaka."

"Basi si ungemwambia hivyo Miwani?"

"Nimemwambia kwa kupiga. Hakutaka."

Jumapili alasiri ukumbi wa maktaba ulikuwa na viti mia mbili na watu kama themanini, wengi vijana wenye mabegi mgongoni. Bendi yetu ilikuwa ya tatu kati ya nne. Nikakaa safu ya pili. Nikageuka kuangalia mlango, na nani naona? Kaka. Suti yake ya kahawia, mikono kifuani, safu ya tano pembeni. Hakuwa amekuja kupiga makofi. Alikuja kujionea aibu kwa macho yake apate cha kusema.

Dada alipanda na gauni lake la kijani na viatu vya kazini, vile vya soli nene. Vijana wawili nyuma yangu wakacheka. Nikageuka, wakaacha. Wimbo wa kwanza ukapita: du, du, du, kama ilivyorekodiwa, sawasawa kabisa. Watu wakapiga makofi ya adabu. Ndipo Miwani akashika maiki kutambulisha wenzake. Fundi Bomba kwenye dramu, shangwe. Kisha akasema, "Na kwenye besi leo tumesaidiwa na mama yetu mmoja, dobi wa jirani. Anatushikia nafasi mpaka tupate mtu."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha upendo, wala si cha ubaya. Lakini mpaka tupate mtu! Mimi nilisimama kitini nikaketi tena. Dada hakubadilika uso. Alilamba ncha ya kidole, akaugusa uzi.

Wimbo wa ngazi ukaanza, na akaanza na besi yake.

Miwani aligeuka kwa kasi mpaka miwani ikateleza. Akamtolea macho. Dada akamtazama na kuendelea. Miwani akaimba mstari mmoja kwa hasira, akaimba wa pili, na kwenye wa tatu, pale besi inapopanda, akanyamaza. Akashusha gitaa lake likaning'inia shingoni, akakunja mikono. Alidhani akinyamaza na dada atanyamaza. Mtu yeyote angenyamaza. Ukumbi mzima ulijua kumeharibika kitu. Kuna aliyeguna, kuna aliyetoa simu kurekodi. Nikasikia kiti cha kaka kikilia.

Dada hakusimama. Akapiga ubeti mzima bila mwimbaji, yeye na Fundi Bomba tu. Ikapanda ngazi, ikafika, ikasubiri, ikashuka. Ubeti wa pili ukaanza, Miwani bado amekunja mikono, na dada akapiga na huo. Hakuharakisha. Jasho lilimtiririka shavuni na hakulifuta. Nilikuwa nalia, sijui hata nilianza saa ngapi, nalia kwa hasira na kwa fahari, na nilitamani mtu aniulize unalia nini ili nimjibu vizuri. Kiitikio cha mwisho hakikuimbwa na mtu. Alikipiga mpaka noti ya mwisho, akaweka kiganja juu ya nyuzi, kimya.

Nani alipiga makofi? Wachache. Wengine walikuwa hawajui kama wimbo umekwisha au umekufa. Sitaongeza chumvi: ukumbi haukulipuka, hakuna aliyerusha maua. Nilipiga mimi mpaka viganja vikawaka, na wale vijana wawili nyuma yangu wakasimama.

Nje mlangoni kaka alikuwa akitungoja. Dada kabeba gitaa bega hili, kigari cha spika tuliyoazima mkono ule.

"Umenitia aibu mbele ya watu," kaka akasema.

"Basi nenda nayo kwako, kaka. Mimi mikono yangu imejaa."

Akampita. Kaka akanigeukia mimi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuangalia chini. Nikamuaga kwa heshima zote, nikashika kigari upande wa pili.

Miwani akatukimbilia mpaka barabarani. "Ule wimbo ni wangu, mama!"

"Wimbo ni wako," dada akamwambia. "Besi ni yangu. Ukitaka mtu wa kukushikia nafasi, kabandike karatasi nyingine."

Siku nne zikapita. Miwani hakuvuka barabara, nasi hatukuvuka. Karatasi mpya haikubandikwa. Nilikuwa naangalia kila asubuhi, siwezi kusema uongo. Dada akinyoosha mashati, na jioni akipiga kabatini kama kawaida. Nilimuuliza kama anajuta. Akanitazama kama nimemuuliza kama chuma kinaliwa.

Ijumaa, saa nne asubuhi, mlango ukalia. Miwani. Hana nguo mkononi. Alikuwa hajalala vizuri, hata kipofu angeona.

"Shikamoo mama mdogo. Nina shida na mama."

"Marahaba. Shida gani?"

Akaminyaminya vidole vyake, akasema taratibu, macho kwenye kaunta yangu: "Nimejaribu kuimba ile ya zamani. Nikifika pale kwenye mstari wa tatu nasimama. Namsubiri apande. Hapandi. Siwezi tena kuuimba bila yeye." Akameza mate. "Nataka turekodi upya. Yake. Na jina lake liandikwe."

Nilitamani kumrukia shingoni, na pia nilitamani kumnasa kibao, nikashindwa kuchagua. Nikafunua pazia. Dada alikuwa amesikia kila neno, yule; chumba cha pasi kina upenyo. Alikuwa na shati jeupe mezani, kola ndiyo kwanza inapata moto. Hakuinua kichwa.

"Mwambie akae," akasema. "Nina mashati kumi na manne."

Nikamwonyesha Miwani benchi la wateja. Akakaa, akaweka mikono magotini, na akangoja yote kumi na manne.